Maua Mekundu Ng'ambo ya Ukuta

Bombambili, Songea
Jumamosi, alasiri

Skola mwanangu,

Sasa hivi wewe uko Peramiho unamuaga mama yako mdogo, nami nimekaa uani kwenye kigoda changu, mgongo nimeuegemeza ukuta wa Gervas, maana ukuta huu ni lazima unifae kwa kitu. Hali yako naijua na yangu unaijua, kwa hiyo salamu tuziruke. Mambo ya blanketi, na ukifika Morogoro ushukie wapi, na usinunue vyakula vya dirishani, hayo mama yako mdogo ameshakwambia mara tisa na leo atakwambia ya kumi. Mimi nina neno moja ambalo mdomo wangu umeshindwa kulisema, na wewe unajua mdomo wangu haujawahi kushindwa na kitu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nilifika darasa la nne tu, la tano liliniona likakimbia, kwa hiyo mwandiko ukikupa shida soma polepole.

Neno lenyewe linamhusu Gervas, na linahusu maua ya mama yako. Usirukie mwisho kulitafuta. Nataka ulifikie kwa njia niliyopita mimi.

Huyo Gervas unayemwona na ghorofa, mimi ndiye niliyemleta mjini. Tulitoka Lusewa siku moja na baiskeli moja. Mimi nakanyaga, yeye amekaa nyuma ameshika kuku. Milima yote ile sikushuka hata mara moja, na njiani simba alitufuata mpaka akachoka akakaa chini. Gervas atakwambia hapakuwa na simba. Alikuwa amefumba macho, angemwonaje? Tukapata viwanja hivi viwili ubavu kwa ubavu. Tulikuwa tunaombana chumvi. Mama yake alipohamia kwake, mimi ndiye niliyembebea kitanda kutoka stendi, kichwani, kikiwa kimefungwa na godoro lake.

Halafu ikaja ile ruhusa, kwamba mahindi na tumbaku anunue yeyote anayetaka, siyo ushirika peke yake. Mimi nikawa bado nauliza kama ni kweli, mwenzangu ameshakodi lori. Baada ya misimu mitatu akawa haombi chumvi kwa mtu. Akajenga ghorofa, na kwenye mpaka wetu akainua huu ukuta wa tofali za kuchoma, mrefu hata twiga angeomba ngazi.

Wewe ulikuwa mdogo, huikumbuki bustani yangu ya nyanya. Siyo nyanya hizi za sokoni. Moja ilikuwa inaliwa na watu wanne na mmoja wao anabakiza. Ukuta ulipokwisha, jua likawa linachomoza kwa Gervas saa kumi na mbili na kwangu linafika saa saba mchana, likikaa kidogo linajificha nyuma ya nyumba yangu mwenyewe. Nyanya zikageuka njano, zikalala. Nikamwita balozi wa nyumba kumi. Akaja, akatazama juu mpaka kofia ikamdondoka, akasema ukuta uko ndani ya kiwanja cha mwenyewe, na kivuli yeye hajapewa mamlaka nacho.

Nikaenda mwenyewe getini. Watu walikuwepo, wanasubiri kupimiwa mahindi.

"Gervas," nikamwambia, "umeniua. Hapo chini ya ukuta wako mimi nipande nini?"

Akawatazama wale watu kwanza, kama mtu anayetaka wasikie vizuri. Akasema, "Bosco bwana, si upande uyoga."

Wakacheka. Walikuwa kumi na mmoja. Majina yao ninayo kichwani mpaka leo; wawili wameshakufa, ingawa si kwa sababu yangu.

Nikaapa palepale kwamba Gervas atalitafuna neno lile na kulimeza, na mimi nitakuwepo namtazama. Na ukitaka kujua kilichoniweka hai miaka hii yote, kilichoniinua kitandani hata nilipokuwa na malaria ya kuangusha ng'ombe, ni hicho kiapo. Sikudanganyi. Wengine wanaamshwa na kengele ya kanisa.

Lakini kisasi changu nilikianza kijinga. Nilifikiri nitamkomoa kwa kulazimisha vitu vya juani viote kivulini. Nikapanda kabichi. Zikarefuka shingo kama watu wanaochungulia mpira bila tiketi. Nikapanda mawaridi, miche niliyopewa misheni. Yakavaa ukungu mweupe yakafa yamesimama. Nikayamwagilia zaidi. Nikamwagilia mpaka vyura wakahamia.

Ndipo siku moja mama yako akatokea, ametoka msitu wa Matogoro kuchuma uyoga, kikapu kiko kichwani, wewe uko mgongoni ingawa miguu ulikuwa nayo mirefu tayari.

"Kaka," akasema, "unagombana na nani?"

"Na Gervas."

"Gervas yuko dukani kwake. Hapa naona unagombana na kabichi."

Nikamweleza neno la uyoga. Alicheka mpaka akatua kikapu chini. "Naye hajui kitu," akasema. "Uyoga haupandwi, unajiotea. Halafu kule nilikotoka jua halifiki kabisa, na hakuna mahali pa kuweka mguu kwa vitu vilivyoota. Nani anavimwagilia? Njoo kesho ukatazame."

Nikaenda. Nilikuwa nimepita msituni maisha yangu yote nikitazama kuni na nyani, basi. Siku hiyo alinikalisha kando ya kijito, akaninyamazisha, na kuninyamazisha mimi si kazi ya mtu mvivu. Nikaona makangaga makubwa yamejikunja vichwa kama watoto wachanga. Nikaona tangawizi ya porini, maua yake ya zambarau yanatokea chini kabisa udongoni, mbali na majani, kama yana siri. Vyote vimenenepa, kwenye giza lilelile nililolilia kwa balozi.

Nikang'oa kangaga la kwanza kwa haraka zangu, nikaosha mizizi vizuri kama mtu anayeosha mchicha, nikalipanda. Likafa. La pili likafa. Mama yako akaniambia, "Umeliogesha ukalitoa kwao uchi." Akanifundisha kuchukua mmea na udongo wake na majani yake yaliyooza, kidogokidogo, na kuacha mengi zaidi ya unayochukua. Safari moja nilibeba kangaga kubwa kichwani hivyo, na udongo wake, chui akashuka kunywa maji akapita karibu yangu hivi, akidhani mimi ni kichaka. Nilihisi mkia wake mkononi. Mama yako alisema ni paka wa mtu. Yeye alikuwa mbali.

Na ufagio. Hili nakwambia kwa sababu ndilo lililokuja kuniponza. Unajua sisi uwanja ukiwa na jani moja ni aibu, mgeni atasema nyumba hii imekosa mwanamke au imekosa akili. Mimi nilikuwa nafagia mpaka ardhi inang'aa kama sahani. Mama yako akaninyang'anya ufagio akauficha darini. "Majani yanayoanguka ndiyo chakula chao," akasema. "Unawapakulia, halafu unafagia na sahani." Nikaacha. Iliniuma kuliko kuacha pombe ya kangara, lakini niliacha.

Miaka miwili baadaye, mwanangu, bustani hii ilikuwa haina mwenzake kutoka hapa mpaka ziwani. Makangaga kiunoni. Watu wakitoka misa wanapitia kwangu badala ya kwenda kununua maandazi. Mtawa mmoja mzee alisimama pale mlangoni, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema alikuwa hajui kwamba mimea yetu ya huku porini ina sura. Nami kila mgeni nilikuwa namwambia kwa sauti ya kuvuka ukuta, "Karibu, tazama uyoga wangu." Nilikuwa namsikia Gervas upande wa pili anafunga dirisha.

Nikaongeza na mkuyu. Nilichagua mche wenye haraka, nikaupanda pembeni nikipima kwa macho jua la alasiri litaangusha wapi kivuli chake. Uliutunza nawe, hukujua unatunza nini. Mwaka jana ulivuka ukuta, na mwaka huohuo Gervas akaja hapa, kofia mkononi, kwamba uani kwake anakoanika mahindi kuanzia saa tisa hapana jua, mahindi yanashika ukungu.

"Bosco," akasema, "sasa mimi nianike wapi?"

Ulikuwepo. Ulinisikia nilivyomjibu, na watu walikuwepo, maana niliwaita nilipomwona anakuja. Ugali niliokula siku ile sijawahi kula tena.

Basi kama barua ingeishia hapa ingekuwa barua nzuri. Haiishii hapa.

Maua mekundu. Mama yako aliyatoa Lusewa, bondeni nyuma ya kwa babu yako, vitunguu saba vya maua, akavipanda kwa mkono wake pale kwenye kona, kwenye kivuli kizito. Mvua za kwanza tu, kabla hata majani hayajatoka vizuri, ukachomoza mpira mwekundu juu ya kila kijiti, mpira wa sindano, kama mtu ameshika jua la jioni kwa mpini. Ulikuwa unalala kifudifudi unayatazama. Unayakumbuka hayo, najua.

Kitu ambacho mama yako alinieleza na mimi sikukisikiliza, kwa sababu nilikuwa namtupia Gervas maneno juu ya ukuta, ni kwamba maua yale hulala. Kiangazi kikija majani yanalegea, yanaoza, panabaki ardhi tupu. Ukiona hivyo utadhani yamekufa.

Mama yako alifariki Juni, kwenye baridi. Hayo siyaandiki, tulikuwepo wote wawili. Arobaini yake ikaangukia Julai, kiangazi. Watu wanakuja kutoka Lusewa, kutoka Peramiho, na mimi nautazama uwanja: majani makavu kila mahali, ile kona tupu, na Gervas na ghorofa lake watatazama kutoka juu na kusema Bosco amemzika dada yake kwenye jaa. Nikapanda darini nikautoa ufagio. Nikafagia kila kitu. Nikachukua na jembe nikaisawazisha kona. Vile vitunguu vikatoka, vimesinyaa, vina maganda makavu. Nikasema hata haya yamemfuata. Nikawa na hasira ya kutafuta mahali pa kuiweka, na mahali pake nilipajua. Nikavikusanya kwenye karai pamoja na takataka zote, nikapanda ngazi nikavirusha kwa Gervas, juu ya ukuta, kimoja kimoja.

Mimi, Skola. Kwa mkono huu unaoandika.

Mvua zilipokuja, Desemba, tulikuwa tunatoka misa, geti la Gervas liko wazi. Chini ya mparachichi wake, kwenye kivuli, mipira saba myekundu. Ukanivuta suruali. "Mjomba, yale si maua ya mama?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ulikuwa na miaka kumi, ungelia kidogo ukanisamehe, watoto wanasamehe kabla hawajamaliza kulia. Nikasema, "Ndiyo. Gervas ameyaiba."

Na wewe ukasimama pale getini na gauni lako la Jumapili, ukatema mate.

Nilifurahi. Sitakuficha. Nilisema moyoni, huyu sasa ni jeshi langu. Miaka minane umempita Gervas kama nguzo ya umeme. Hilo lingekuwa sawa. Lakini umempita na mama yake, mtu mzima yule, hujampa shikamoo hata siku moja, mtaa mzima unaona, na mimi niliyekulea nilikuwa nikiambiwa "mwanao hana adabu" nacheka pembeni. Yule bibi hajawahi kulalamika. Siku nyingine nilimsikia anakuamkia yeye wewe.

Halafu Jumatatu iliyopita. Unaijua. Gervas alikuita dukani, mbele ya wateja, akasema amesikia umepata chuo, na lori lake linakwenda Morogoro, masanduku yako yatakwenda bure mpaka mlangoni. Ukamwambia, "Mimi sipokei kitu kwa wezi."

Nilikuwa nje, nimesikia. Nikacheka kutoka pale mpaka nyumbani. Nikafika, nikanawa mikono, ugali nikawamwagia kuku. Kwa sababu nilikuwa nimeuona uso wake. Hakuwa na uso wa mwizi aliyekamatwa. Alikuwa na uso wa mtu anayejitafuta mifukoni asijue amepoteza nini. Akanifuata hadi hapa. "Bosco, mtoto ananiita mwizi. Nimeiba nini?" Nikamwambia akaulize dhamiri yake. Nikamfungia mlango, nikabaki nyuma ya mlango na dhamiri ya nani sijui.

Jumatano alipokwenda Lusewa kununua tumbaku, nikaingia kwake. Miaka kumi na mbili nilikuwa sijavuka geti lile. Mama yake alikuwa anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bosco. Kaa. Umekuja kuchukua maua?"

Nikamuuliza amejuaje.

"Niliuona mkono wako juu ya ukuta," akasema, anaendelea kuchambua. "Kimoja kilinipiga mguuni. Nikasema hivi si vya kutupa, hivi vimelala tu, kwetu vipo. Nikavifukia."

"Na mtoto alipoanza kuwaita wezi?"

"Nilijua amelishwa maneno. Ungekuwa mzima ungekuja mwenyewe. Ulikuwa na msiba."

"Miaka minane, mama?"

"Wewe una msiba mrefu," akasema.

Hata Gervas hakumwambia. Gervas mpaka leo anadhani maua yale yalijiotea, na akipata wageni anawaonyesha kama kayaumba yeye. Hilo nalo nitamlipa, kwa wakati wake.

Akachukua jembe dogo akaniongoza chini ya mparachichi. Vile vitunguu saba sasa havihesabiki, vimezaana mpaka vinasukumana. Akanipa vitano. Viko kwenye kopo la maziwa, chini ya sanduku lako, vimefungwa na udongo wake na majani yake, sikuviogesha. Ukiona vimekauka usishtuke. Huko Morogoro watafutie mahali ambapo mti mkubwa umeshaweka kivuli chake, fukia shingo ibaki juu kidogo, acha majani yawaangukie, na kiangazi usiwape maji hata ukiwahurumia. Chuoni watakufundisha majina ya kizungu ya haya yote. Wafundishe na wewe hilo la kulala, kama hawalijui.

Sasa unisikilize vizuri, maana hapa wengine wangekwambia usamehe. Mimi sikwambii hivyo. Ukuta huu niliouegemea ni wa kweli. Nyanya zangu zilikuwa za kweli, na neno la uyoga lilisemwa, na watu kumi na mmoja walicheka. Hasira yangu kwa Gervas ilikuwa safi, ningeweza kumwonyesha mtu yeyote chanzo chake kwa kidole. Nilipoichanganya na uongo ikawa maziwa yaliyotiwa maji. Nikiionja sasa siijui ni yangu au nimeikopa. Hilo ndilo kosa nililofanya kubwa kuliko yote, na nimefanya mengi, mengine yana sifa. Nilikupa chuki isiyo na mizizi, nimeiosha kabisa, ukaibeba miaka minane kichwani. Ukitaka kumchukia Gervas, mchukie kwa kosa lake. Langu nirudishie mimi. Nichukie hata mwaka mzima, nitastahimili, niliwahi kukaa siku nne mtini nyati yuko chini.

Barua hii naiweka juu ya sanduku lako uione ukirudi. Usije kuniamsha kuniuliza, nitajifanya nimelala. Basi linaondoka kesho asubuhi saa kumi na mbili, na yule bibi huamka mapema kufagia mbele ya geti. Kabla ya kwenda stendi simama hapo. Pinda goti umpe shikamoo, ile ya miaka minane, umshukuru kwa maua ya mama yako. Mwambie ukweli kwamba ni mimi niliyekudanganya. Anajua, lakini asikie kutoka kwako.

Na akitokea Gervas nyuma yake, amwone mama yake analia asijue kwa nini, usimweleze kitu. Msalimie kama mtu mzima yeyote, upite. Kisha mwache. Huyo ni wangu.

Mjomba wako,
Bosco